Ghala Limejaa, Mzee Anadhoofu

Somo juu ya chakula cha watu waliotimiza miaka 60 na zaidi

Yeyote apitaye barabara itokayo Kitale kwenda Bungoma katika mwezi wa Novemba huona mahindi kila upande. Mengine yangali shambani, yamekatwa na kusimamishwa mafungu mafungu. Mengine yameanikwa juu ya maturubai mbele ya nyumba. Mengine yamekwisha tiwa magunini yakingoja lori. Trans Nzoia hujulikana katika Kenya nzima kuwa ni ghala la taifa, na Bungoma ni jirani yake mwema. Ni vigumu kuamini ya kuwa katika nchi ya namna hiyo mtu aweza kukosa chakula. Hata hivyo yuko mtu mmoja ambaye mara nyingi hukosa chakula kimfaacho, naye huketi katikati ya wingi huo. Mtu huyo ni mzee wa nyumba.

Mzee huyo halali na njaa. Kila jioni huletewa ugali, naye hula akashiba. Lakini mwaka hata mwaka mwili wake hupungua. Miguu huwa myembamba, kuinuka kitini humwia vigumu, na jeraha dogo hukawia kupona. Watu wa nyumbani husema, "Ni uzee tu." Makusudi ya somo hili ni kuonyesha ya kuwa mara nyingi si uzee tu. Sehemu kubwa ya udhaifu huo hutokana na chakula, na udhaifu uliotokana na chakula waweza kupunguzwa kwa chakula.

Jambo hili si la watu wachache. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 humhesabu mtu kuwa mzee akiisha timiza miaka 60, na katika hesabu ya watu ya mwaka 2019 wazee wa namna hiyo walikuwa kama milioni 2.7. Wengi wao wakaa mashambani, pamoja na wana wao na wajukuu wao.

MWILI WA MZEE

Watu wengi hudhani ya kuwa mzee, kwa kuwa hafanyi tena kazi nzito, hahitaji chakula kingi. Neno hili ni kweli nusu, na nusu hiyo ndiyo inayopoteza watu. Ni kweli ya kuwa mtu asiyelima wala kubeba mizigo hahitaji vyakula vya kutia nguvu kwa kadiri aliyohitaji alipokuwa kijana. Lakini vyakula vya kujenga mwili, yaani vile vyenye protini, pamoja na vile vya kulinda mwili, yaani vyenye vitamini na madini, havipungui haja yake. Tena baadhi yake huhitajiwa zaidi.

Sababu yake ni hii. Mtu akiisha pita miaka 30 au 40, misuli yake huanza kupungua kidogo kidogo, na baada ya miaka 60 hupungua kwa haraka zaidi. Mwili wa kijana ukipata protini kidogo huitumia vema. Mwili wa mzee huwa mzito kuitumia, hivyo yampasa apate zaidi ili afike pale pale. Wataalamu wa siku hizi hushauri mzee apate kila siku gramu 1 hadi 1.2 za protini kwa kila kilo moja ya uzito wake. Maana yake, mzee mwenye kilo 50 ahitaji gramu 50 hadi 60 kila siku.

Mifupa nayo hupoteza madini ya kalsiamu, hasa kwa wanawake waliokoma hedhi. Mfupa uliopungukiwa na kalsiamu huvunjika kwa kuanguka kidogo tu. Hapo hukutana mambo mawili: misuli dhaifu humwangusha mzee, na mifupa dhaifu huvunjika aangukapo. Mzee aliyevunjika nyonga aghalabu harudii tena mwendo wake wa kwanza, na wengine hawaondoki kitandani. Hii ndiyo hatari yenyewe, nayo huanza miaka mingi kabla, katika sahani ya kila jioni.

Tena kuna mambo madogo madogo yanayomzuia mzee asile. Meno yametoka. Ulimi hauonji kama zamani. Kiu hupungua, hata mzee huweza kukaukiwa na maji mwilini asijue. Tumbo halitoi asidi ya kutosha, na kwa ajili hiyo hupata shida kutoa vitamini B12 katika chakula. Mtu akikosa vitamini hiyo damu yake hupungua, miguu hufa ganzi, na akili huanza kusahau, na watu husema tena, "Ni uzee tu."

MAHINDI NA UPUNGUFU WAKE

Kabla mahindi hayajaenea katika karne ya ishirini, Wabukusu walikula ugali wa wimbi na mtama. Kisha mahindi yakaja, yakazaa sana, na watu wakayapenda. Mwaka 1964 kituo cha utafiti cha Kitale kilitoa mbegu ya H611, nayo ilileta mavuno makubwa kuliko mbegu za zamani. Mahindi yamesomesha watoto na kujenga nyumba za bati. Hapana sababu ya kuyadharau.

Lakini yafaa kujua mipaka yake. Katika gramu 100 za unga wa mahindi protini ni gramu 8 au 9 tu, nayo si kamili, kwa maana hupungukiwa na baadhi ya sehemu ambazo mwili hauwezi kuzitengeneza wenyewe. Jambo hili lilianza kuonekana wazi kwa watoto. Mwaka 1933 daktari mwanamke aitwaye Cicely Williams, aliyefanya kazi katika nchi ambayo leo ni Ghana, aliandika habari za watoto waliovimba miguu na kubadilika rangi ya ngozi ingawa walilishwa. Aliona ya kuwa watoto hao walikuwa wameachishwa maziwa ya mama na kulishwa uji wa mahindi karibu peke yake. Ugonjwa huo ndio ulioitwa kwashakoo. Matumbo ya watoto yalikuwa yamejaa, na huku miili ilikuwa na njaa.

Mzee haugui kwa namna ile ile, wala havimbi kama mtoto. Yeye hukauka polepole. Lakini kanuni ni moja: kushiba ni jambo moja, na kulishwa ni jambo jingine.

Wimbi la zamani lilikuwa na fadhila ambayo mahindi hayana. Gramu 100 za wimbi zina kalsiamu zaidi ya mara kumi ya iliyo katika mahindi. Kwa hiyo mzee anayeomba uji wa wimbi haombi kwa ukaidi wala kwa kutamani mambo ya kale tu. Aomba kitu chenye faida kwa mifupa yake.

MFANO WA BIBI MMOJA

Ili jambo hili lieleweke vema, na ichukuliwe nyumba moja ya mfano huko Kibomet, kandokando ya mji wa Kitale. Katika nyumba hiyo yumo bibi, au kukhu kama waitavyo wajukuu wa Kibukusu, mwenye kilo 50. Asubuhi hunywa chai ya rangi kali yenye sukari nyingi. Mchana hula kiporo cha ugali na mboga kidogo. Jioni hula ugali na sukuma wiki, akiacha nusu ya mboga kwa sababu hawezi kuzitafuna. Kwa siku nzima ametumia unga kama robo kilo.

Sasa hesabu ifanywe. Unga huo humpa gramu 20 za protini. Mboga humpa gramu chache. Jumla haifiki gramu 30, naye ahitaji 50. Kila siku mwili wake hudai deni, na kwa kuwa haulipwi, huchukua katika misuli yake mwenyewe.

Na katika nyumba hiyo hiyo kuna ng'ombe mmoja wa maziwa, kuku sita, na debe la maharagwe. Maziwa yote huuzwa asubuhi. Mayai hupelekwa sokoni Kitale. Maharagwe hupikwa pamoja na mahindi kuwa githeri, chakula ambacho kukhu hawezi kukitafuna.

Basi na yabadilishwe mambo matatu tu. Robo lita ya maziwa ibaki nyumbani kwa ajili yake: hiyo ni gramu 8. Yai moja lisiuzwe: gramu 6. Kikombe kimoja cha maharagwe yaliyopikwa yapondwe yawe laini, atiliwe mchana na jioni: gramu 15. Jumla ya nyongeza hiyo ni gramu 29, naye amevuka gramu 50. Hapana kilichonunuliwa dukani. Kilichobadilika ni mgawanyo wa vitu vilivyokuwamo nyumbani.

VYAKULA VILIVYO KARIBU

Nchi hii imejaliwa vyakula vingi vimfaavyo mzee. Baadhi yake ni hivi:

1. Maharagwe, kunde na njugu. Protini ya maharagwe hukamilisha ile ya mahindi, hivyo ugali na maharagwe vikiliwa pamoja ni bora kuliko kimoja peke yake. Kwa asiye na meno, maharagwe yalowekwe usiku kucha, yapikwe mpaka yaive sana, kisha yapondwe. Njugu zisagwe, zitiwe katika mboga au uji.

2. Maziwa. Mabichi yachemshwe kwanza. Maziwa ya mtindi, na mursik ya Wakalenjin, hukubaliwa na matumbo mengi yasiyopenda maziwa ya kawaida.

3. Mayai, kuku, samaki na nyama. Omena waliokaushwa, watokao katika Ziwa Viktoria, ni wadogo kwa umbo lakini zaidi ya nusu ya uzito wao ni protini; tena wakiliwa pamoja na mifupa hutoa kalsiamu. Waweza kusagwa na kutiwa katika mchuzi. Vyakula hivi vitokavyo kwa wanyama, pamoja na maziwa, ndivyo vyenye vitamini B12. Mboga na nafaka hazina.

4. Mboga za kienyeji: managu, saga, mrenda, mchicha na majani ya kunde. Zioshwe kabla ya kukatwa, zikatwe ndogo ndogo, wala zisichemshwe kwa muda mrefu na maji yake kumwagwa. Desturi ya kutia maziwa katika managu na saga ni desturi njema. Magadi na maji ya majivu hulainisha mboga, lakini huharibu baadhi ya vitamini. Ni heri kuzikata ndogo zaidi.

5. Viazi vitamu, ndizi, mapapai na maparachichi. Hivi ni laini, na parachichi lina mafuta mema yanayomnenepesha mzee aliyekonda.

Mzee hawezi kula sahani kubwa mara moja. Afadhali apewe kidogo mara tano kuliko kingi mara mbili. Pia protini igawanywe katika milo yote ya siku, isingojewe mlo wa jioni peke yake, maana mwili wa mzee huitumia vema zaidi hivyo.

Maji nayo yasisahauliwe. Kwa kuwa kiu yake imepungua, ni wajibu wa watu wa nyumbani kumkumbusha. Vikombe sita hadi vinane kwa siku, pamoja na uji na mchuzi, humtosha mzee asiye na ugonjwa wa moyo au wa figo. Wenye magonjwa hayo wafuate kipimo cha daktari. Vivyo hivyo mwenye ugonjwa wa figo asiongeze protini kabla ya kumwuliza daktari.

CHAI, CHUMVI NA SUKARI

Chai ni kinywaji cha heshima, wala hapana haja ya kumnyang'anya mzee furaha yake. Lakini chai kali inywewayo pamoja na chakula huuzuia mwili usipokee madini ya chuma yaliyo katika mboga na maharagwe. Yafaa inywewe saa moja baada ya chakula, na iwe na maziwa ya kutosha. Chai isihesabiwe kuwa ni mlo.

Chumvi isizidi kijiko kimoja kidogo cha chai kwa siku, pamoja na ile iliyotiwa jikoni, kwa maana huongeza shinikizo la damu, na shinikizo hilo huleta kiharusi. Vyakula vyenye magadi na vidonge vya kukoleza mchuzi navyo vina chumvi ya kificho. Sukari nayo ipunguzwe, hasa kwa wenye ugonjwa wa kisukari. Wazee wa mjini wamo katika hatari nyingine: wengine si wembamba bali ni wanene, wala mikate myeupe, mandazi na soda, na miguu yao ni dhaifu vile vile ndani ya unene huo. Unene si ushahidi wa kulishwa vema.

Na wazee wanaume wanaoshinda kwenye busaa mpaka jioni wajue ya kuwa pombe hushibisha na kuondoa hamu ya chakula, lakini haijengi kitu.

DESTURI ZA NYUMBANI

Zamani katika baadhi ya nyumba za Waluhya wanawake hawakuruhusiwa kula kuku wala mayai. Kuku alikuwa wa wanaume na wageni. Vijana wengi wa leo hawalijui jambo hilo. Lakini bibi aliyelelewa katika desturi hiyo aweza kukataa yai hata akiwa na miaka 80, si kwa kulichukia, bali kwa kuwa alifundishwa na mama yake kulikataa. Mtu kama huyo hashindwi kwa maneno makali. Avutwe kwa upole. Na akiendelea kukataa, apewe maziwa, maharagwe na samaki kwa wingi zaidi, na heshima yake isivunjwe.

Wako na wazee wajinyimao kwa upendo. Mzee hupewa kipande cha nyama, naye humwita mjukuu na kukitia kinywani mwake. Tendo hilo ni zuri, lakini likiwa la kila siku mzee hubaki na mchuzi tu. Dawa yake ni kumpa mjukuu fungu lake kwanza, machoni pa mzee, ndipo yeye ale kwa moyo mtulivu.

Tena mzee aachwaye kula peke yake katika nyumba yake ndogo hupoteza hamu. Chakula kile kile, kikiliwa pamoja na wajukuu wakizungumza, huisha sahanini. Wana walio Nairobi au Eldoret watumao fedha kila mwezi wasiulize tu, "Zimefika?" Waulize pia, "Umekula nini leo?"

DALILI ZA KUANGALIA

Dalili ya mvua ni mawingu. Watu wa nyumbani waangalie mambo haya:

Nguo au mshipi kulegea. Aliyepungua zaidi ya kilo 3 kwa muda wa miezi mitatu bila kukusudia apelekwe kupimwa.

Shavu la mguu kuwa jembamba. Lipimwe mahali palipo pana kwa utepe wa fundi wa nguo. Likiwa chini ya sentimita 31, ni dalili ya kuwa misuli imepungua.

Kushindwa kuinuka kitini bila kujishika kwa mikono, au kuanguka mara kwa mara.

Kuacha chakula ghafula. Hili lisitiwe katika hesabu ya uzee, kwa maana laweza kuwa kifua kikuu, kidonda cha tumbo, jino bovu, au huzuni.

Tangu Septemba 2023, Serikali ilipozindua kazi ya wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000, wahudumu hao walipewa mikoba yenye vifaa kama vile vya kupimia uzito, sukari na shinikizo la damu, ili wawafikie watu nyumbani kwao. Yafaa mhudumu wa kijiji aombwe amtazame mzee kabla mzee hajabebwa kwenda hospitali.

Na chakula peke yake hakitoshi. Misuli hujengwa kwa chakula na kazi pamoja. Mzee atembee kila siku kwa kadiri awezavyo, ainuke kitini na kuketi mara kumi asubuhi na mara kumi jioni, apalilie bustani yake ya mboga. Jua limpatalo akiwa nje humsaidia pia kupata vitamini D, ambayo mifupa huihitaji.

WAJIBU WA NYUMBA

Kifungu cha 57 cha Katiba chasema ya kuwa wazee wana haki ya kuishi kwa heshima na kutunzwa na jamaa zao na Serikali. Kwa upande wake, Serikali chini ya mpango wa Inua Jamii huwapa wazee walioandikishwa, wenye miaka 70 na zaidi, Sh 2,000 kwa mwezi. Fedha hizo ni za mzee. Zikitumiwa kununua maharagwe, omena na maziwa humpa nguvu. Zikimezwa na karo na mbolea, mzee hubaki na jina lake katika orodha tu.

Lakini sehemu kubwa ya kazi hii haihitaji fedha. Yahitaji mtu wa nyumbani, kabla ya mtungi wa maziwa haujatoka mlangoni asubuhi, kumimina kikombe kimoja na kukiweka kando. Maziwa hayo hayatapunguza sana bei ya mtungi, bali miguu ya mzee itayahesabu.

Wahenga walisema: Penye wazee haliharibiki neno. Nyumba itakayo shauri la wazee wake kwa miaka mingi, na iwalishe sasa.